Kabla Hujalipa, Omba Kuona Mgongo

"Huo mgongo nani atauona?" Ndivyo alivyonijibu muuzaji siku niliponunua rafu ya kutenganisha makochi na meza ya kulia. Nilicheka, nikalipa. Rafu ilipofika na kusimamishwa katikati ya chumba, jibu likaja lenyewe: nauona mimi, mara tatu kwa siku, nikiwa mezani na kijiko mkononi. Upande wa makochi ulikuwa mbao laini yenye kung'aa. Upande wa meza ulikuwa habodi tupu, yaani ubao mwembamba wa unga wa mbao uliogandamizwa, misumari midogo iliyopigwa kama kwa hasira, karatasi ya kiwandani yenye namba ambayo haibanduki, na tundu la kupitishia waya ambalo ungedhani limetafunwa na panya.

Kwa hiyo sitakuambia upime chumba chako. Hilo unalijua. Sitasema lolote kuhusu rangi za mito. Hapa tunazungumzia mgongo wa vitu vinavyogawa chumba, na nimevipanga vitano, kuanzia ninachokipenda zaidi.

Fanicha nyingi huundwa zikae ukutani, na kiwanda hubana gharama pale jicho lisipofika. Kochi hupewa kitambaa kizuri mbele na kingine chepesi nyuma, kimeshikizwa kwa pini. Kabati hufungwa kwa ubao mwembamba usio na rangi. Kwenye nyumba ya vyumba vilivyofungwa hakuna anayeumia. Ila ukiwa na ukumbi mmoja mdogo unaobeba makochi, meza na jiko kwa pamoja, kila unachokiweka katikati kitatazamwa pande zote mbili, na upande ule usioonyeshwa dukani ndio utakaoishi nao.

Najua kuna atakayeniambia: "Si uibandue tu hiyo habodi?" Nilijaribu. Habodi ile, kwa unyonge wake wote, ndiyo inayoishika rafu isiende upogo. Ilipotoka, rafu ikaanza kulala upande kama mlevi anayetafuta bega la kuegemea. Nikairudisha kwa misumari ileile.

Nafasi ya kwanza: rafu iliyo wazi pande zote

Sifichi ushabiki wangu. Ni rafu iitwayo KALLAX ya IKEA, kampuni ya fanicha ya Sweden, na ya pili iko mbali nyuma. Haina mgongo kabisa. Ni fremu nene yenye vyumba vya mraba vya takriban sentimita 33 kwa 33, na vibao vinavyopishana katikati, vikibanwa kwa vijiti vya mbao, ndivyo vinavyoizuia isipinde. Ukikaa upande huu au ule unaona kitu kilekile. Mwanga wa dirishani unapenya, na chumba hakigeuki kuwa mapango mawili.

Kubwa ninayoizungumzia ina vyumba 16, sentimita 147 kwenda juu na 147 upana, kina 39. Urefu huo umekaa vizuri mno kwa kazi hii. Mtu aliyeketi kwenye kochi haonani na aliyeketi mezani, lakini aliyesimama jikoni bado anamwona mtoto anayechora ukutani. Ukiwa na nafasi finyu zaidi, ile ya vyumba 8 yenye upana wa 77 ukiisimamisha inatosha kuficha kona ya kazi. Weka vikapu baadhi ya vyumba na uache vingine wazi. Ukijaza vyote umejenga ukuta, na ukuta ungeweza kuuita fundi akujengee.

Watu wameizoea kiasi kwamba mwaka 2014, IKEA ilipotangaza kuiondoa EXPEDIT, mtangulizi wake, wateja Ujerumani walianzisha kampeni ya kuitetea, hasa wenye sahani za santuri, kwa sababu vyumba vyake huzimeza sawasawa. Walipoona vyumba vya KALLAX vina ukubwa uleule na kilichopungua ni unene wa fremu ya nje, kelele zikatulia. Mimi ningekuwepo kwenye maandamano hayo.

Tahadhari: jina la duka lisikulaghai. BILLY inatoka kampuni hiyohiyo, ipo tangu 1979, na ni rafu nzuri ya vitabu, lakini ni ya ukutani. Ina mgongo mwembamba, na ile ya kawaida ina kina cha sentimita 28 huku ikipanda hadi 202. Ukiisimamisha katikati ya chumba una matatizo mawili: mgongo wa kuaibisha na mnara unaongoja kusukumwa.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu mgongo si aibu ya macho tu. Kitu kilichoundwa kuegemea ukuta hakina cha kukishika nyuma kikiwa katikati. Mwaka 2016 kampuni hii ninayoisifu ilitangaza zirudishwe kabati za droo takriban milioni 29 Marekani pekee, zikiwemo za aina iitwayo MALM, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Wateja walipewa hiari ya kurudishiwa fedha au kufungiwa kabati ukutani. Sheria ya Marekani ya kuzuia kabati kuanguka ikapita Desemba 2022, na kiwango chake kinatumika tangu Septemba 2023. Lakini inahusu kabati za nguo. Rafu za vitabu hazimo. Hivyo usingoje sheria ikulindie mtoto. Pachika rafu ubavu wake ukigusa ukuta, uufunge hapo kwa vyuma vya pembe na skrubu, weka vizito chini kabisa, na usipitishe kilo 13 kwa chumba kimoja. Kama hakuna ukuta wa kuifungia, rafu ndefu si kigawanyo chako. Nenda nafasi ya pili.

Nafasi ya pili: kochi lenye mgongo wake

Kochi likigeuziwa meza mgongo limegawa chumba bila kuongeza kitu hata kimoja. Ningeliweka la kwanza kama wauzaji wangekuwa wakweli. Dukani makochi yamebanwa ukutani mstari mzima, na ukiomba livutwe mbele utatazamwa kama umeomba kulala hapo. Lala! Yaani, omba. Likishavutwa, fanya mambo mawili. Linganisha kitambaa cha nyuma na cha mbele, kwa kidole, si kwa jicho. Kisha bonyeza katikati ya mgongo kwa kiganja. Likibonyea na kurudi kama ngoma, ndani kuna kadibodi au hewa, na miezi michache ya kugongwa na viti vya meza itakuonyesha ni lipi kati ya hayo. Unachotaka ni ubao au mikanda iliyokazwa, na sponji juu yake.

Acha kama sentimita 90 kati ya meza na mgongo wa kochi, ili kiti kivutwe na mtu apite. Na kochi la kulala chali, lile linalojinyoosha, liache kabisa. Linahitaji nafasi nyuma, na nyuma yake ndiyo njia yenu.

Kinachonichefua zaidi ni wale wanaotoza nyongeza kwa "mgongo uliomaliziwa", kana kwamba ni anasa. Nguo haiuzwi mbele peke yake, halafu ukaulizwa kama ungependa na nyuma ishonwe.

Nafasi ya tatu: pazia kwenye reli ya dari

Pazia ni rahisi, ni jepesi, na unalivuta pembeni wageni wakizidi. Usilidharau. Lakini nalo lina mgongo wake! Kitambaa kilichopigwa chapa huwa na maua upande mmoja na ukungu wa maua upande wa pili. Chagua nakshi iliyofumwa ndani ya kitambaa, au shona vitambaa viwili migongo ikitazamana. Upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya reli, la sivyo likifungwa litakuwa shuka lililoanikwa. Reli iwe ya dari, si fimbo ya kubana kati ya kuta mbili, ambayo ina tabia ya kuanguka saa nane usiku. Usitarajie lizuie sauti. Likiwa zito litapunguza mwangwi, basi.

Nafasi ya nne: fito za mbao, sakafu hadi dari

Ni maridadi, na pande zote ni sawa kwa sababu kila ufito unazungukwa na macho. Kwa mpangaji si chaguo, maana dari na sakafu vinatobolewa. Mwenye nyumba yake na fundi seremala anayenyoosha mstari, aendelee kwa amani.

Nafasi ya tano: kiwambo cha kukunja

Mwaka 1946 Charles na Ray Eames, wabunifu wa fanicha wa Marekani, walitoa kiwambo cha plaiwudi iliyopindwa, vipande vyake vikiunganishwa kwa turubai badala ya bawaba za chuma, na ukikizunguka hujui mbele ni ipi. Vingi vinavyouzwa leo si ndugu zake hata kwa mbali. Bawaba zinakunja upande mmoja tu, na zinaonekana upande wa pili. Kumbuka pia kwamba kiwambo husimama kwa sababu kimepinda. Ukikinyoosha ili kifike pale ulipotaka kifike, kinaanguka. Upana ulioandikwa kwenye boksi ni wa kiwambo kilicholala chini.

Vya bei nafuu, yaani vyuma vya kuunganisha, vigae vya plastiki vinavyoning'inia, shanga: vinunue kama unahama karibuni. Mmea mkubwa kwenye chungu unavishinda vyote.

Na kuhusu kununua kwa picha. Hivi karibuni nilihesabu picha za kabati moja ya televisheni mtandaoni: kumi na mbili. Kulikuwa na picha ya vase. Kulikuwa na picha ya paka. Mgongo haukuwemo. Nilipoandika kuomba picha moja tu ya nyuma nilitumiwa tena ile ya paka. Boksi likishafunguliwa wauzaji wengi hawalipokei tena, kwa hiyo picha ya nyuma idai kabla ya kulipa, iliyopigwa dukani kwa simu, mbaya mbaya hivyohivyo. Asiyetaka kuituma ameshakujibu.

Ile rafu yangu ya kwanza bado ninayo. Iko kwenye ujia wa kwenda chumbani, mgongo ukutani kama muuzaji alivyotaka, na tangu hapo sote nyumbani tunapita ubavu, kama kaa.