Kabrasha la sera la kununua au eCFR ya bure: tathmini kwa wanaofungua wakala wa afya nyumbani Marekani

Makabrasha ya sera na taratibu yaliyokwisha kuandikwa huuzwa mtandaoni kwa dola mia kadhaa. Yakija na mshauri, bei hupanda hadi maelfu. Ahadi yake ni moja: jaza jina la kampuni, chapisha, msubiri mkaguzi. Upande wa pili iko eCFR, tovuti ya serikali ya shirikisho yenye kanuni zenyewe, isiyodai hata senti. Hapa vyote viwili vinapimwa kwa kazi moja, yaani kupita ukaguzi wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya shirikisho kwa wazee na baadhi ya walemavu, na kuendelea kuupita. Kama wakala wako unaogesha, unapika na kusindikiza wazee bila uuguzi wala Medicare, Sehemu ya 484 ya kanuni hizo, inayohusu wakala wa afya nyumbani, haikuhusu. Kanuni zako ziko kwa jimbo, na pesa ya kabrasha la Medicare ungeitupa.

Tuanze na eCFR. Unachotafuta ni Juzuu ya 42 (Title 42), Sehemu ya 484 (Part 484). Sehemu ndogo B (huduma kwa mgonjwa) na C (uongozi na mazingira ya kazi) ndizo zinazokaguliwa, na mtu aliyetulia anazisoma kwa siku moja. Kilicho kitamu kwenye tovuti hii ni tarehe: unaweza kuifungua kanuni ilivyokuwa siku yoyote tangu Januari 2017, ukalinganisha matoleo mawili na kuona maneno yaliyofutwa na yaliyoongezwa. Unaweza pia kujiandikisha upate barua pepe kila Sehemu ya 484 inapoguswa. Hilo peke yake linazidi huduma ya "marekebisho ya kila mwaka" ambayo wauzaji wengi huitoza. Kasoro yake ni kwamba inakuambia unatakiwa kufanya nini, lakini haikuambii mkaguzi ataliangaliaje. Pengo hilo linazibwa na Kiambatisho B cha mwongozo ambao CMS, idara ya shirikisho inayosimamia Medicare, huwapa wakaguzi wa majimbo. Nacho ni bure, na kila sharti lina namba inayoanza na herufi G. Ukipewa ripoti ya makosa, namba hizo ndizo utakazozikuta, kwa hiyo zizoee mapema.

Sasa kabrasha. Kabla ya kulipa, omba kurasa za sampuli na utafute dalili za uchakavu, maana mengi yanayouzwa ni ya zamani yaliyovalishwa jalada jipya. Likitaja kamati ya wataalamu inayoishauri bodi, au mapitio ya mafaili kila robo mwaka kama sharti la shirikisho, liliandikwa kwa kanuni zilizokufa tarehe 13 Januari 2018. Likisema mpango wa dharura lazima upitiwe kila mwaka, limepitwa tangu mwishoni mwa 2019, kwani sasa ni kila miaka 2, ingawa zoezi la majaribio bado ni la kila mwaka. Likimtaja daktari peke yake kama mwenye kuidhinisha mpango wa huduma, limeachwa na mabadiliko ya 2020 yaliyowaruhusu pia wauguzi wa ngazi ya juu na wasaidizi wa madaktari, pale sheria ya jimbo inapokubali. Kisha angalia kifungu 484.105(i): tangu tarehe 1 Januari 2025 lazima uwe na sera ya maandishi ya kupokea wagonjwa, inayozingatia mahitaji ya wagonjwa unaotarajiwa kuwahudumia, idadi na uzito wa ulio nao tayari, idadi ya wafanyakazi na ujuzi wao. Kabrasha lisilokuwa nayo lirudishe, hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Nguvu ya kabrasha zuri iko kwenye fomu: karatasi ya haki za mgonjwa, fomu ya ziara ya usimamizi wa msaidizi wa huduma za nyumbani, rejista ya malalamiko, rejista ya maambukizi, fomu ya kupima ujuzi wa mfanyakazi. Kuzitengeneza zote upya ni kazi ya wiki nyingi, na hapo bei inaeleweka. Sera zenyewe ndizo zenye hatari. Waandishi wake hupenda kuahidi kupita sheria ili kitabu kionekane kinene. Chukua usimamizi wa wasaidizi: kanuni inataka ziara angalau kila siku 14 kwa mgonjwa anayepata pia uuguzi au tiba, na kila siku 60 kwa asiyepata. Kabrasha likiandika siku 7 kwa wote, umejifunga mwenyewe. Mkaguzi atafungua sera yako, atafungua faili, na tofauti baina yake itakuwa kosa lako ingawa sheria haikukudai hivyo. Kila namba kwenye kabrasha ilinganishe na eCFR, na palipozidi bila sababu ya jimbo, punguza.

Kitu ambacho eCFR haikupangii, na makabrasha mengi hukitawanya kwenye kurasa mia mbili, ni kalenda. Ziara ya kwanza ya muuguzi aliyesajiliwa inafanyika ndani ya saa 48 tangu rufaa au tangu mgonjwa arudi nyumbani, au siku aliyoagiza daktari. Tathmini kamili inakwisha si zaidi ya siku 5 za kalenda baada ya huduma kuanza. Tathmini ya marudio inaangukia siku 5 za mwisho za kila siku 60, na hapa ndipo wengi wanakwama, kwa kuwa wanahesabu kwa miezi. Huduma ikianza Machi 1, dirisha ni Aprili 25 hadi 29. Ukiifanya tarehe 24 umewahi mno, na tarehe 30 kipindi kipya kimeshaanza. Mgonjwa akilazwa hospitali saa 24 au zaidi kwa jambo lisilo vipimo tu, tathmini upya ndani ya saa 48 za kurudi kwake. Data za OASIS, yaani majibu ya tathmini hizo kwenye fomu sanifu ya shirikisho, zinatumwa ndani ya siku 30 tangu tathmini ikamilike, na tangu Julai 1, 2025 zinahusu wagonjwa wa walipaji wote, si wa Medicare na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) peke yao. Wanaoachwa ni wachache, kama walio chini ya miaka 18 na wajawazito.

Hati za kuaga nazo zina saa zake: muhtasari wa kumaliza huduma siku 5 za kazi, wa uhamisho siku 2 za kazi. Mgonjwa akiomba nakala ya faili, apewe bure kwenye ziara inayofuata au ndani ya siku 4 za kazi, lolote litakalotangulia. Faili linatunzwa miaka 5 baada ya kuagana, isipokuwa jimbo lidai zaidi.

Taarifa ya kumpokea mgonjwa inayopelekwa Medicare haiko kwenye masharti ya ukaguzi bali kwenye malipo, kifungu 484.205, kwa hiyo makabrasha ya sera huiruka. Ni siku 5 za kalenda tangu huduma ianze. Ukichelewa, unakatwa sehemu moja ya 30 ya malipo ya kipindi kwa kila siku, na hesabu inaanza siku ya kwanza ya huduma, si siku ya sita. Ukikuta kabrasha bado linazungumzia ombi la malipo ya awali, jua halijaguswa tangu kabla ya 2022.

Kuhusu uongozi, fomu za kabrasha hutosha, mradi unazijaza kwa ukweli. Msimamizi mkuu aliyeanza kazi tangu Januari 13, 2018 awe daktari, muuguzi aliyesajiliwa au mwenye shahada ya kwanza, tena awe na uzoefu wa uongozi wa huduma za afya, angalau mwaka 1 ukiwa wa kusimamia huduma za nyumbani au kazi inayofanana nayo. Naibu wake anateuliwa kwa maandishi mapema, si siku mkaguzi amefika mlangoni. Barua ya uteuzi yenye jina la mtu aliyeacha kazi mwaka jana ni kosa rahisi kuonekana. Bajeti ya mwaka iwepo, pamoja na mpango wa matumizi ya mtaji wa miaka 3. Kwa wasaidizi, weka kwenye kila faili ushahidi wa mafunzo ya saa 75, zikiwemo 16 za darasani kabla ya 16 za vitendo, na saa 12 za kujiendeleza kwa kila miezi 12. Cheti kisichoonyesha saa hakimtoshi mkaguzi.

Kwa haki za mgonjwa kuna jambo moja wasomaji wa Kiswahili walikumbuke. Kanuni inataka apewe taarifa yake ya maandishi kwa namna anayoielewa hata kama hajui Kiingereza vizuri, bila kumtoza, kwenye ziara ya kwanza ya tathmini kabla huduma haijaanza; yanayohusu malipo aelezwe kwa mdomo pia. Bibi anayezungumza Kiswahili ana haki hiyo sawasawa na anayezungumza Kihispania. Fomu ya Kiingereza yenye sahihi yake haithibitishi chochote. Andika nani alitafsiri.

Kabrasha pia halikupitishi kwenye mlango wa kuingilia Medicare: fomu 855A ya kujiandikisha, alama za vidole za kila mwenye hisa 5% au zaidi, akiba ya kuendesha kazi miezi 3, na wagonjwa 10 waliokwisha kupata huduma za kitaalamu, 7 kati yao wakiwa bado wanahudumiwa siku ya ukaguzi. Mshauri anayekuambia vinginevyo anauza matumaini.

Mwisho ni jimbo, na hapa makabrasha ya "majimbo yote 50" ndiyo dhaifu kuliko yote. Minnesota, kwa leseni ya huduma kamili chini ya Sura ya 144A, tathmini ya marudio ni ndani ya siku 14 tangu huduma ianze, kisha kila inayofuata isizidi siku 90 tangu iliyotangulia. Mwenye Medicare hapo hapo bado amefungwa na dirisha la siku ya 56 hadi 60, na sera yake lazima itosheleze pande zote mbili. Texas ina Sura yake ya 558 na aina zake za leseni, na leseni ya huduma binafsi tu haikupi ruhusa ya uuguzi. Mwombe muuzaji akuonyeshe sura ya jimbo lako kabla ya kutoa kadi ya benki. Akikutumia ukurasa mmoja wenye jina la jimbo juu na maneno ya shirikisho chini, nunua fomu peke yake kama anaziuza bila sera, sera uziandike mwenyewe ukiwa na eCFR upande mmoja na Kiambatisho B upande wa pili.