Nililipia mtu wa kututembeza Florida, heri ningeenda mwenyewe

Sio kawaida yangu kuandika haya mambo ila hili limenikaa rohoni. Kipindi kile tumeenda Florida na shemeji tukasema tusihangaike, tulipie mtu wa kutuzungusha Kennedy Space Center, kile kituo cha NASA cha kurushia roketi. Kampuni siitaji. Gari safi, maji ya baridi, hapo sina neno.

Balaa lilianza kwenye mlango wa Apollo 1, chombo cha anga kilichoungua na wanaanga watatu wakafia humo. Ule ule wa moto wa Januari 1967, una vipande vitatu. Mimi nimeganda hapo, maana kipande cha ndani kilikuwa kinafungukia ndani, sasa moto ukiwaka presha inapanda inaukandamiza mlango, hata hao wanaanga, Grissom na White na Chaffee, wauvute wote watatu hautoki, na hata siku ya amani tu kuufungua ilitaka sekunde kama 90. Halafu humo wamejaziwa oksijeni tupu, velkro kila kona! Namuuliza yule kaka, hivi hii ilipitishwaje? Ananijibu macho kwenye saa, eti ilikuwa testi tu, roketi haina mafuta, jamaa waliingiwa na woga ndo wakashindwa kutoka, twendeni basi linatuacha.

Woga?? Jamani. Chaffee alikutwa bado yuko kwenye kiti chake, kwa sababu utaratibu ulimtaka abaki pale aendelee na mawasiliano. Huyo ndo mwoga? Na hiyo "roketi haina mafuta" ndo iliyowaponza, testi haikuhesabiwa ya hatari, kwa hiyo zimamoto na madaktari hawakuwekwa tayari. Grissom maskini, 1961 mlango wa chombo chake cha kwanza ulijifyatukia wenyewe baharini akaponea chupuchupu kuzama, huu wa pili ukamgomea.

Nilitaka nimweleze na mlango uliokuja baadaye, mmoja tu, unafungukia nje kwa sekunde chache, na kwamba kabla ya kuruka wakaanza kuchanganya naitrojeni asilimia 40 kwenye hewa ya ndani, sio oksijeni tupu tena. Keshafika mlangoni anapiga makofi tuharakishe kama mbuzi.

Sehemu yenyewe nendeni, nilitoka machozi yananilenga. Shemeji anasema nimezidisha, kijana wa watu alikuwa anawahi basi. Labda. Na kweli basi tuliliwahi. Haya, nyota mbili.

Hapana, nimekumbuka alivyolitamka hilo neno woga huku anatafuna bigijii. Moja.