Mpini fundi alinichongea vizuri mno. Triga ndiyo aliyoniharibia

Jiwe la mzani la gramu 500 lilibaki pale pale mezani. Mwamuzi aliishika bastola yangu mtutu ukitazama juu, akaning'iniza kikulabu cha jiwe katikati ya triga, akainua taratibu. Pfu, hewa ikatoka. Jiwe halikusogea. Akarudia. Pfu. Akarudia mara ya tatu, na hizo tatu ndizo unazopewa. Pfu. Akanirudishia bastola kwa mikono miwili, akasema kwa upole ambao uliniuma kuliko kama angenikemea: "Pole, dada. Haipiti."

Nimekaa na hasira hii majuma kadhaa nikijiambia itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Kwa wasioucheza mchezo huu: ni bastola ya upepo, mita 10, mkono mmoja, shabaha ya karatasi au ya umeme ambayo duara la kumi lina upana wa milimita 11.5 tu. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, zinasema triga ya bastola hii isiwe nyepesi kuliko gramu 500, yaani ikining'inizwa jiwe la uzito huo lazima ilibebe jiwe bila kuachia. Ni sheria fupi, na hakuna mlenga shabaha hata wa ngazi yetu ya kujifurahisha asiyeijua. Fundi wa bunduki anayepokea bastola za mashindano ana udhuru gani?

Bastola yenyewe niliichagua kwa subira, na hapo sijuti. Nilipata iliyotumika. Kwanza nilitazama mwaka uliopigwa kwenye mtungi wa hewa, maana watengenezaji wengi wa bastola hizi huipa mitungi yao miaka 10 tu ya matumizi, na watu hununua kwa furaha halafu wakagundua wamebakiza miezi. Halafu nikafanya jaribio moja ambalo nalithamini kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye makaratasi. Unasimama unavyosimama siku zote, unafumba macho, unainua mkono hadi usawa wa shabaha, unatulia kidogo, kisha unafumbua. Kilengeo cha mbele kikiwa kimekaa katikati ya ufa wa kilengeo cha nyuma, mpini huo ni wako. Kikiwa kimeegemea upande, mpini unakudanganya, na utashindana nao kila risasi kwa risasi 60. Nilijaribu bastola nne. Hii ndiyo iliyokaribia. Kilengeo kiliegemea kulia kidogo tu, kila mara kiasi kile kile, nikajua tatizo ni mbao na mbao inachongeka.

Ndiyo maana nikaenda kwa huyu fundi. Nilisifiwa kwamba ana mkono mwepesi kwenye mbao. Na hapa nitasema kweli ingawa sipendi kumsifu: nilichokiona siku ile sijawahi kukiona kwa fundi mwingine.

Alinipaka chaki kiganja kizima, mpaka kwenye utando kati ya kidole gumba na cha shahada. Akaniambia nishike mpini nguvu ile ile ninayotumia nikilenga, wala si zaidi, nihesabu kumi, niachie. Chaki ikabaki kwenye mbao penye mgandamizo na mahali pengine pakawa peusi kama palivyokuwa. Akaonyesha kwa ncha ya penseli: hapa chini ya gumba mfupa unasukuma, ndiyo maana inakupeleka kulia, hapa nyuma ya kiganja pana shimo, mkono haujai. Akapunguza kwa msasa uliokunjwa kwenye kijiti, mara nne tano, akanipa tena na chaki. Akapunguza tena. Penye shimo akajaza kandiko laini la mbao, akanikamatisha kabla halijakauka ili kiganja changu chenyewe kijipigie chapa. Lile tako la chini, ambalo ukingo wa kiganja huegemea, akalipandisha kidogo sana, nikahisi bastola imetulia mkononi kama imepata kiti. Nilifumba macho, nikainua, nikafumbua. Katikati. Nikarudia. Katikati. Machozi yalinilenga, sioni aibu kulisema. Miaka nimekuwa nikipigana na mpini, na huyu mtu ameumaliza ugomvi kwa chaki na msasa.

Sasa wakati naondoka nikamwachia bastola, nikamwambia, na maneno yangu nayakumbuka: "Fundi, triga sina shida nayo, ila kile kisimamio cha nyuma kinacheza, naomba ukikaze tu." Kisimamio ni kile kiskrubu kinachoizuia triga isiendelee kurudi baada ya risasi kuondoka. Nilisema kukaza. Sikusema kingine.

Nilipoichukua, triga ilikuwa tamu. Tatizo ndilo hilo, kwamba ilikuwa tamu. Triga za bastola hizi huwa na hatua mbili: unavuta ya kwanza, ndefu na laini, unafika kwenye ukuta, unatulia pale, kisha unaongeza kidogo na ukuta unavunjika. Ukuta wangu nilikuwa naujua kama ninavyoujua mlango wa chumba changu. Jioni nyingi nimesimama mbele ya ukuta mweupe nikifyatua bila risasi ili kidole kijifunze tu mahali pale. Siku ile ukuta ulikuwa mwembamba. Nikadhani ni mpini mpya, kidole sasa kinafika vizuri zaidi. Nikafurahi. Nikafanya mazoezi juma zima kwa triga isiyo halali, na kidole changu kikajifunza uongo.

Siku ya mashindano, ukaguzi wa vifaa. Hofu yangu yote ilikuwa kwenye mpini. Bastola nzima ikiwa na mpini wake inatakiwa iingie kwenye sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50, na ule unene wa 50 ndio unaowakamata watu walioongeza mbao. Sikulala vizuri nikiwaza lile kandiko. Mwamuzi akailaza bastola ndani ya sanduku, ikakaa, ikabakiza mwanya wa kadi moja hivi. Akaangalia kama mpini haujauzingira mkono na kama kifundo cha mkono kiko huru. Sawa. Akapima uzito, uko chini ya gramu 1500, sawa. Nikashusha pumzi.

Halafu akachukua jiwe.

Kanuni zinaruhusu urekebishe na kurudi. Nikakaa pembeni na ufunguo wangu mdogo, nikaizungusha skrubu ya uzito wa triga ili kukaza. Nikaizungusha mpaka ikagota mwisho, na zaidi ya pale hakuna pa kwenda. Nikarudi. Pfu. Mwenzangu mmoja mwenye mzani mdogo wa springi alinipimia: 460, mara nyingine 455. Skrubu iko mwisho kabisa na bado imepungua gramu 40. Bastola iliyotoka kiwandani na nafasi kubwa ya kupandisha na kushusha, leo imekufa kwenye kikomo.

Walinisaidia, Mungu awabariki, nikaazimwa bastola ya klabu. Mpini mkubwa, wa mkono wa kiume ulioshiba. Ncha ya kidole changu ilikuwa inaigusa triga kwa mbali, na kidole kisipofika vizuri husukuma kwa ubavu badala ya kuvuta kwenda nyuma. Risasi zikawa zinakimbilia kushoto. Kwenye shabaha za umeme unapewa dakika 75 kwa risasi 60, muda ni mwingi, lakini kwa mtu anayepambana na chombo kigeni muda huo unakuwa adhabu, kwa sababu una nafasi ya kuhisi kila kosa. Kawaida yangu ni 540 na kitu. Nilimaliza na 509. Mkono ulikuwa unatetemeka kuanzia mfululizo wa nne, na si kwa uchovu.

Yote hayo ningeyameza. Fundi ni binadamu, anakosea. Nilichoshindwa kukimeza ni nilivyopokelewa niliporudi.

Niliingia, "Shikamoo fundi." Akaitikia marahaba bila kuinua macho, tupa inaendelea mkononi. Nikamweleza taratibu. Akasema, "Waamuzi wenu hao, mizani yao mibovu."

Nilikuwa nimebeba jiwe. Nilikwenda nalo makusudi, limesahihishwa na kupigwa muhuri. Nikaliweka juu ya meza yake, katikati ya vumbi la mbao. "Tupime hapa, fundi." Akapima, nadhani kwa kutaka kunifukuza tu. Pfu. Jiwe liko mezani. Akalitazama, akanitazama, na unajua alichosema?

"Umeichezea mwenyewe."

Nikamwambia sijaigusa ndani, nimezungusha skrubu ya nje tu, na imegota. Hapo ndipo akaiweka tupa chini. "Dada, kwani wewe huwa unashika nafasi ya ngapi?"

Nafasi ya ngapi! Kana kwamba sheria ya gramu 500 inaanza kufanya kazi ukishapanda jukwaani. Nikanyamaza, akaendelea: "Nimewatengenezea triga watu wengi, hakuna aliyelalamika. Nyepesi ndiyo nzuri. Nyinyi akina dada mnapenda kusumbuka na vitu vidogo. Wewe lenga, ndani tuachie wenyewe."

Baadaye nilielewa anatoka wapi. Wateja wake wengi ni wale wa bastola za moto za mchezo wa kukimbia na kupiga, na kwenye daraja la Open la IPSC, shirikisho la mchezo huo, triga haina kiwango cha chini kabisa. Kule, mwenye triga nyepesi kuliko jirani yake anapongezwa. Huyu fundi ameubeba uzoefu wa mchezo mmoja akaumwaga kwenye mchezo mwingine bila kuuliza swali moja. Angeniuliza, "Dada, hii ni ya mashindano gani?" ningemjibu kwa sentensi moja. Hata angekuwa na bastola ya .22 ya mita 25 mbele yake, bado kanuni zile zile za ISSF zinadai gramu 1000. Kila mchezo una jiwe lake. Swali hilo ndilo kazi ya fundi, kuliko hata tupa.

Nilimpelekea fundi mwingine, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Akaifungua kwenye kitambaa cheupe, akaitoa springi ya triga, akailaza kando ya mpya. Hakusema kitu, akanisogezea kioo cha kukuzia. Ile ya kwangu ilikuwa fupi, mizunguko miwili haipo, na ncha yake imesawazishwa kwa tupa, bado ina mikwaruzo inayong'aa. Imekatwa. Mtu ameingia ndani ya chombo changu, amekata kitu ambacho hakiungiki tena, hakuniambia, halafu akanitazama usoni akasema nimeichezea mwenyewe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba msimpelekee. Nilitaka niishie hapo.

Lakini jana nilikuwa mazoezini na springi mpya, triga imewekwa 520 ili pawe na akiba, na mpini ni ule ule wake. Nikafumba macho, nikainua, nikafumbua, katikati. Mfululizo wa kwanza risasi kumi, pointi 94, ambazo sijawahi kuzipata mwanzoni mwa mazoezi. Kazi ya mbao ya mtu yule ni ya hali ya juu, na mwenye mkono mdogo kama wangu ambaye ameteseka na mipini ya kiwandani atalala usingizi akimpata. Nikiwaambia msiende nitakuwa nawanyima.

Basi nendeni na mpini peke yake. Ufungueni nyumbani, ni skrubu moja tu, mwachieni mbao, bastola ibaki kwenye sanduku lake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafikiria asubuhi hii, hata nikawa nimeandika kwamba pengine nitamrudia kwa mpini wa pili.

Sirudi. Nimeyasoma tena maneno yake hapo juu nilivyoyaandika, na damu imechemka upya. Mbao naweza kusubiri nipate mtu mwingine hata ikichukua mwaka. Kuombwa radhi sikuombwa, na springi yangu iliyokatwa ninayo hapa ndani ya karatasi, pamoja na lile jiwe, kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku la bastola. Kila nikitoka kwenda mashindanoni nalining'iniza kwanza nyumbani, mara tatu, mtutu juu, hewa ikiwa ndani. Sasa linainuka.