Fundi wa waifai wa Sinza: TV inaganda mechi ikianza? Soma hii kabla hujapandisha kifurushi

Kama TV yako inaganda kila ikija mechi laivu na ushaanza kuwaza kupandisha kifurushi, subiri kwanza. Kuna jamaa ana kiduka pale Sinza, Dar, upande wa kuelekea Mori, anauza ruta, waya, rimoti na makorokoro ya ving'amuzi, anakuja mpaka nyumbani kwa elfu 30, vifaa juu yako. Mi nampa nyota nne, ya tano nimeibania na nitasema kwa nini.

Kwangu ilikuwa hivi: YouTube safi, muvi safi, ila laivu ikianza tu, hasa Simba na Yanga pale kwa Mkapa, picha inaganda, kiduara kinazunguka, ikirudi watu washamaliza kushangilia. Fundi wa kwanza (sio huyu) alibadilisha DNS, akala hela yake, akasepa, na hamna kilichobadilika. Sasa ndo naelewa kwa nini, DNS kazi yake ni kukutafutia anwani ya unakokwenda, ukishafika haikuongezei spidi ya picha hata chembe.

Huyu wa Sinza hakuigusa TV kabisa. Alienda kwenye ruta, akachomeka laptop yake kwa waya, akapima. Nalipia spidi ya Mbps 20 (megabiti kwa sekunde), ikasoma 19 na ushee. Akaja sebuleni akapima tena palepale TV ilipo, kwa waifai, ikasoma 3, mara 7, mara 2. Akasema "bosi, intaneti unayo, haifiki tu." Yaani ningepandisha kifurushi ningelipa zaidi kila mwezi na mechi ingeganda vilevile!

Afu akanieleza mbona YouTube ilikuwa haina shida. Video iliyokwisha rekodiwa TV inavuta ya mbele na kujiwekea akiba, mtandao ukiyumba inakula akiba na wewe hujui chochote. Laivu haina hiyo nafasi, huwezi kuweka akiba ya goli ambalo halijafungwa, akiba yake ni ya sekunde chache tu kwaiyo mtandao ukiyumba kidogo unaiona hapohapo. Ndo maana kwa laivu spidi ndogo iliyotulia ni bora kuliko kubwa inayopanda na kushuka. HD yenyewe inataka kama Mbps 5 mpaka 8, ni 4K ndo inakimbilia huko kwenye 25.

Chanzo sasa. Tunakaa ghorofani, wapangaji wengi, kila mtu na ruta yake. Akafungua programu ya kupima waifai kwenye simu, tukakuta majirani karibu wote wamejazana chaneli 6 (njia ya mawimbi ya waifai, sio chaneli ya TV) kwenye bendi ya GHz 2.4 na mimi nimo humohumo. Bendi hiyo chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Akanihamishia 11, ikapata nafuu lakini sio ya kuitegemea jioni watu wote wakiwa wamerudi. Bendi nyingine ya waifai, GHz 5, ina nafasi na spidi kubwa ila na ukuta haipatani, na kati ya ruta yangu na TV kuna kuta mbili za zege na tena friji.

Kwaiyo akavuta waya. Hapa msidanganywe, tundu la LAN (la kuchomekea waya wa mtandao) la TV nyingi mwisho wake ni Mbps 100, kwaiyo waya wa daraja la Cat 5e unatosha kabisa na unafika mpaka mita 100, anayekulazimisha waya wa bei mbaya anataka hela yako tu. Ila ulizia wa kopa (shaba) tupu, maana zipo za aluminiamu iliyopakwa kopa juu, rahisi kweli lakini zinakatika ovyo.

Kitu kingine ambacho nisingekijua mwenyewe ni kamera ya mlangoni, ilikuwa inapandisha video mtandaoni kutwa nzima, na njia ya kupandishia ikijaa hata kushusha kunakwama. Akaishusha ubora, basi.

Nyota niliyobania: aliahidi saa tatu asubuhi akaja alasiri, waya wake bei iko juu kuliko Kariakoo, na vibanio kavipiga ukutani vimepinda kama mstari wa mtoto wa chekechea, mama watoto mpaka leo akipita anaguna. Halafu risiti mpaka uiombe.

Ila ni mkweli. Aliniambia kabisa jirani mwenye dishi ataendelea kushangilia kabla yangu, laivu ya mtandaoni inachelewa sekunde 30 hivi, wakati mwingine zaidi, na hakuna waya wa kuondoa hilo. Na kama apu moja tu ndo inaganda na nyingine zote zinaonyesha vizuri, shida iko kwao wanaorusha, usimwite fundi. Hasa vile visanduku vya chaneli elfu kwa bei ya chipsi, hivyo hata kuviangalia anakataa.

Ukimtaka mfuate dukani katikati ya wiki, mchana. Siku ya dabi simu hapokei, na yeye anaangalia mpira.