Meseji ya asubuhi iliyofika jioni

Naandika maoni haya juu ya programu yangu ya kupanga meseji nikiwa bado na hasira.

Juzijuzi mdogo wangu alikuwa anafanyiwa upasuaji, aingie saa moja asubuhi. Mimi nafanya kazi usiku, saa hizo huwa nimelala fofofo. Nikamwandikia mapema, nikaipanga meseji iende saa kumi na mbili na nusu, kabla hajanyang'anywa simu. Programu ikaweka alama ya saa na neno "imepangwa". Nikalala nikiwa na amani.

Nimeamka jioni, nafungua programu, meseji ndiyo kwanza inaondoka, naiona kwa macho yangu: "Usiogope, nipo nawe." Mwenzangu ameshashonwa, ameshazinduka, ameshamwuliza mama mbona kaka kanyamaza.

Nikawaandikia wenye programu. Wakanijibu mistari miwili: hali ya kuokoa betri ilikuwa imewashwa, na mtumiaji anapaswa kulijua hilo. Nilijue wapi? Kwenye simu za Android meseji ya kawaida (SMS) ya kupangwa haikai kwa mtandao, inakaa ndani ya simu yako, na simu ikiilaza programu, meseji nayo inalala. Sawa. Basi semeni hivyo pale pale ninapobonyeza, msiniandikie "imepangwa"! Kinachoniuma zaidi, ningeituma kawaida usiku ule hata kama simu yake imezimwa, mtandao ungeitunza na kumpa alipoiwasha. Wenye iPhone tangu mwaka 2024 wanaweza kuipanga iMessage, meseji ya Apple yenyewe, ikasubiri kwenye seva za Apple, inaenda hata simu ikiwa imezimika, ingawa mwisho ni siku 14 mbele. Kumbe inawezekana.

Huduma yenyewe naipenda, siwezi kudanganya. Mawazo yangu yote huja saa tisa usiku, na kwa miezi kadhaa sijamwamsha mtu kwa mlio wa simu. Mama anapata salamu zake akiwa anakunywa chai, mkuu wangu wa kazi anapata taarifa akiwa ofisini. Sasa nimeitoa programu kwenye kuokoa betri, na haijachelewa tena. Nilikuwa nimeshaweka nyota tatu.

Lakini jana mdogo wangu kanionyesha simu yake. Kabla ya kuingia alinipigia mara mbili, sikusikia, halafu akakaa na simu mkononi akisubiri neno langu mpaka muuguzi alipokuja kuichukua. Nimezifuta zile tatu. Nyota moja.