"Ni mstari wa asili tu, dada yangu": uzoefu wangu na bangili ya nefriti

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya jiwe, aliyeniuzia hana chake hapo.

Nianze na lile jibu, maana ndilo lililonichoma. Nilimtumia muuzaji picha mbili na video fupi inayoonyesha ufa uliokata bangili kwa mkato, kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani. Akajibu: "Ni mstari wa asili tu, dada yangu. Jiwe la asili haliwezi kukosa mistari." Baada ya hapo, kimya. Ujumbe unasomwa, alama za buluu zinatokea, jibu hakuna.

Angekuwa amedanganya moja kwa moja ningekasirika nikapoa. Lakini nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo wanayojifichia wauzaji wa namna yake. Nefriti, moja ya mawe mawili yanayoitwa jade (la pili ni jadeiti), ni nyuzi ndogo mno za madini ya tremoliti na aktinoliti zilizosukana kama kumbi la nazi. Kwa ugumu wa kukwaruzwa iko 6 hadi 6.5 kwenye kipimo cha Mohs, chini kidogo ya jadeiti yenye 6.5 hadi 7, ila kwa kustahimili pigo inaishinda jadeiti, kwa sababu ufa hauna njia iliyonyooka ya kupita katikati ya nyuzi hizo. Jiwe likipasuka lingali ardhini, upenyo ule unaweza kujazwa na madini mengine ukafunga kabisa. Unabaki mstari mweupe, wa kahawia au wa kijani kibichi zaidi. Huo ndio mstari wa asili, nami nina bangili zenye mistari hiyo na sioni tatizo. Ufa ni kitu kingine: ni kuta mbili na hewa katikati. Unapokagua bangili, hewa hiyo ndiyo unayoiwinda.

Namna ya kuiwinda ni hii. Zima taa, weka tochi ya mwanga mkali chini ya bangili, uizungushe polepole kama unavyozungusha tasbihi. Kwenye mstari uliofunga, rangi inabadilika lakini mwanga unaendelea kupita. Kwenye ufa, mwanga unagota: upande mmoja unawaka, wa pili una giza, na ukiinamisha bangili kidogo unaona kijibapa kinachometa kama kipande cha kioo kilichofichwa ndani. Kisha pitisha ukucha, kwa mkato na si kwa urefu, nje na ndani. Ukucha ukikwama upande mmoja tu, huenda ni kovu la kung'arishwa. Ukikwama nje na ndani mahali pale pale, ufa umevuka.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji kifaa. Tumbukiza bangili kwenye maji kwa dakika tano, itoe, ifute kwa kitambaa kikavu, uikazie macho. Uso unakauka mara moja. Ufa hunywa maji na kuyatoa taratibu, kwa hiyo kwa sekunde kadhaa unaona uzi mweusi umechorwa juu ya jiwe kavu. Uzi huo ndio niliomrekodia muuzaji. Mstari wa asili haunywi maji, dada yangu.

Sasa tuje kwenye nta, maana hapa ndipo hasira zangu zinapopanda. Bangili ilipofika ilikuwa laini kila mahali, ukucha haukushika popote. Kupaka nta jiwe la jade si dhambi. Ni hatua ya zamani ya mwisho ya ung'arishaji. Jiwe hupashwa moto kidogo, nta ikaingia kwenye vinyweleo, ya ziada ikafutwa. Lakini nta ya kung'arisha ni utando mwembamba usioweza kuukwangua. Hii nilipoiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, kisha nikapitisha kijiti cha meno, ilitoka kama uji uliogandia sufuria. Chini yake, ufa. Ningewasha mapema tochi ya mionzi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, ningepata dokezo: nefriti yenyewe kwa kawaida hubaki giza chini ya mwanga huo, ilhali nta na gundi nyingi hutoa mng'ao mweupe wa kibuluu. Mstari unaong'aa hivyo juu ya jiwe lililo giza umejazwa kitu na mkono wa mtu.

Na jiwe lenyewe? Hapa lazima niwe mkweli hata kama nimenuna: ni nefriti halali, na nzuri. Kijani cha mchicha uliokomaa, vidoadoa vyeusi vilivyotawanyika bila kusongamana, mng'ao wa mafuta usio na ule ukali wa kioo. Sikutegemea macho. Nilitumia mizani ya kusoma hadi gramu 0.1, yenye uwezo wa kubeba bakuli la maji. Bangili kavu: gramu 58.4. Kisha unaweka bakuli la plastiki lenye maji juu ya mizani, unairudisha kwenye sifuri, unaning'iniza bangili kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa kuta wala sakafu ya bakuli. Mizani ikasoma 19.8. Huo ni uzito wa maji yenye ujazo sawa na bangili. Gawanya 58.4 kwa 19.8, unapata 2.95, yaani mara ngapi jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo ule ule. Nefriti iko kati ya 2.90 na 3.03. Serpentini, ambayo huuzwa kwa jina la "jade mpya", iko karibu na 2.6, kwatsaiti iliyotiwa rangi 2.65, marumaru 2.7, jadeiti hupita 3.3.

Watu wengi hukosea mambo mawili hapa. Kwanza viputo: kimoja kikubwa kikinata ndani ya bangili kinaongeza ujazo wa uongo na kushusha jibu, kwa hiyo isugue bangili kwa vidole ikiwa ndani ya maji. Pili mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima. Kwa bangili ya uzito huu itakupa chochote kati ya 2.8 na 3.0, na hapo utaweza kuitenga nefriti na mawe yaliyo mbali nayo tu, kama jadeiti na serpentini. Kukwaruza kwa kisu nakusihi uache. Kwatsaiti ni ngumu kuliko nefriti, itafaulu mtihani huo huku ikikucheka. Kugonga na kusikiliza mlio kunasaidia kugundua ufa, kwa kuwa bangili nzima iliyoning'inizwa kwa uzi hulia kama kengele na iliyopasuka hutoa sauti butu. Hakuthibitishi aina ya jiwe, maana hata kioo kinalia vizuri. (Yangu inatoa sauti ya kikombe cha udongo kilichochubuka. Nimeigonga mara moja, sitarudia.)

Tangazo lilisema pia "jade aina A". Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Mgawanyo wa A, B na C ulitungwa kwa ajili ya jadeiti: A ni isiyoguswa isipokuwa nta, B imechovywa kwenye asidi na kujazwa utomvu, C imetiwa rangi. Kuibandikia nefriti herufi hiyo ni ama kutojua unachouza, ama kutumaini kwamba mnunuzi hajui. Mawe haya mawili yalitenganishwa kikemia na Mfaransa Alexis Damour mwaka 1863, kwa hiyo habari zimekuwa na muda wa kutosha kumfikia muuzaji. Aliandika pia kwamba jiwe ni la Siberia. Huenda. Kijani hiki chenye madoa meusi hutoka upande wa Ziwa Baikal, na hutoka British Columbia nchini Kanada vilevile. Kwa macho matupu sithubutu kuapa. Wanaonunua nefriti nyeupe wachunge hilo hilo: kwenye cheti cha Kichina, "Hetian" ni jina la aina ya jiwe, halithibitishi kwamba lilitoka kwenye mito ya Hetian, mahali penyewe huko Xinjiang, Uchina.

Kwa nini ufa mmoja unibughudhi hivi? Kwa sababu bangili hii ni pete isiyofunguka, na siku ya hatari ni siku ya kuivaa. Unavaa mfuko laini wa plastiki mkononi, unapaka losheni juu yake, unakunja dole gumba ndani ya kiganja, unasukuma bangili kwa nguvu ipite kwenye kifundo cha dole gumba. Pale ndipo jiwe linabanwa na kukandamizwa pande mbili. Ufa unaokwenda kwa urefu, sambamba na pete, unaweza kuvumilia miaka. Ufa wa mkato unafunguka, na kingo za nefriti iliyovunjika zinakata ngozi. Kuna wanaosema chagua saizi kubwa zaidi ili iingie kwa urahisi. Sawa, lakini iliyolegea hugonga kila meza na kila mlango. Kipenyo cha ndani cha yangu ni milimita 56 kamili kwa kalipa, kama tangazo lilivyosema. Upana 14, unene 8, na unene haukupungua popote nilipopima. Aliyeichonga ni fundi. Ndani amepasawazisha bila kuacha alama ya kekee, na kingo amezilainisha hata hazishiki sweta.

Nilipofika hapa nilianza kulegea. Nikajiambia labda muuzaji alinunua mzigo ukiwa tayari umepakwa nta, hata yeye hakuuona ufa. Jiwe linalotoka kwenye machimbo ya baruti mara nyingi huja na nyufa ambazo hata fundi hazioni hadi ung'arishaji wa mwisho. Nikapandisha hadi nyota tatu. Nikaandika kabisa kwamba nunueni kwake, ila mdai video ya tochi na video ya bangili ikikauka kabla ya kulipa. Sonara akinifungia bamba jembamba la dhahabu juu ya ufa, kwa kuzungusha bila kutoboa jiwe, itavalika, na huenda ikapendeza kuliko mwanzo.

Kisha nikarudi kwenye tangazo kunakili vipimo. Picha ni saba. Madoa meusi yanasaidia kujua bangili imegeuzwa upande gani: kuna matatu yaliyokaa kama mafiga, na ufa uko upana wa kidole kutoka hapo. Nikayatafuta kwenye kila picha. Nje, ndani, juani, kivulini, kwenye kitambaa cheusi, kwenye kiganja. Mafiga yanaonekana mara nne. Kwenye zote nne, pembeni yake pamekaa dole gumba la mshikaji, mahali pale pale, limetulia.

Nyota moja.