Utafiti wa elimu ugenini: uingie darasani mwenyewe au utumie wasaidizi wa hapo hapo?

Huu ubishi hauishi kwa watafiti wanaotoka Ulaya au Marekani kwenda mashule ya Afrika na Asia.

Kwa gharama, wasaidizi wanashinda kama shule ni nyingi, ila usiwalipe vijisenti halafu kwenye makala majina yao hayaonekani, huo ni unyonyaji tu. Kibali cha utafiti hakikwepeki kwa njia yoyote, Kenya utapita NACOSTI, Tanzania COSTECH, yaani tume za serikali za sayansi na teknolojia, anza mapema.

Uhakika wa data ndo penye kazi. Mgeni akikaa nyuma ya darasa mwalimu anahisi ni mkaguzi, anafundisha somo la maonyesho na watoto wanajibu kile wanachodhani unataka kusikia. Msaidizi anashika lugha, utani, hata ule ukimya wenye maana. Lakini akiwa anafahamiana na watu wa pale, mwalimu ataogopa kumwambia mabaya ya mkuu wa shule, hapo mgeni anamshinda maana kesho anaondoka.

Ridhaa ya kushiriki utafiti nayo tabu kwa wote wawili: mkuu akishakubali, nani atathubutu kukataa? Msaidizi angalau anaeleza kwa mdomo, maana fomu ya kusaini inatisha wazazi.

Una shule mbili, miezi ya kutosha na lugha unaijua, nenda mwenyewe. Shule kibao na wiki chache, chukua wasaidizi, na kama hela ya kuwapa mafunzo haipo punguza shule kwanza.